Sakafu Nyekundu Yataka Subira

Hotuba ya fundi mwashi kwa wenye nyumba na mafundi vijana



Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutengeneza saruji mwaka 1954. Tangu siku hizo sakafu ya saruji imeingia katika nyumba nyingi za mashambani na za mijini, na ile nyekundu imependwa sana. Lakini kwa nini sakafu moja hung'aa miaka mingi, na nyingine hubanduka kabla ya mwaka kwisha, ingawa saruji ni ile ile na rangi ni ile ile?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa fundi kijana, mama mmoja mjane aliuza ng'ombe ili nimtengenezee sakafu. Jioni ilipofika, maji yalikuwa yangali yametanda juu ya kazi, nami nilikuwa na haraka ya kurudi kwangu. Nikanyunyiza saruji kavu na rangi juu ya maji yale, nikapiga mwiko mpaka ikang'aa kama kioo. Mama akafurahi, akanilipa. Miezi michache baadaye wekundu ule ukabanduka kama maganda ya kitunguu. Ng'ombe alikwisha kwenda, na sakafu nayo ikaenda. Ilinipasa kuifanya upya kwa fedha zangu, na hivi ndivyo nilivyoifanya.

Kwanza, rangi. Tumieni rangi ya unga itokanayo na kutu ya chuma, kwa maana haififizwi na jua. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, kilo 2 na nusu za rangi zatosha. Msizidishe kilo 5, kwani rangi nyingi mno hudhoofisha saruji. Changanyeni saruji, mchanga na rangi vikiwa vikavu, vya chumba kizima kwa mara moja, ili rangi isitofautiane.

Pili, maji. Mfuko mmoja usipewe zaidi ya lita 25, pamoja na unyevu ulio katika mchanga. Maji ya ziada hurahisisha kazi ya fundi, lakini yakitoka huacha vitundu vidogo vidogo, na hivyo ndivyo vinavyoleta vumbi na udhaifu.

Tatu, subira. Mkisha sawazisha kwa ubao, ngojeni. Msiguse kwa mwiko wa chuma mpaka maji ya juu yametoweka yenyewe, na mguu ukikanyaga uache alama ndogo tu. Hapo ndipo mpige ubao, kisha mwiko. Ukiyafungia maji chini ya ngozi laini, ngozi hiyo itabanduka.

Nne, mistari. Igaweni sakafu katika miraba isiyozidi mita 3 kila upande, na kina cha mistari kifike robo ya unene wa sakafu. Watu hudhani kwamba mistari hii ni urembo tu. Saruji hunywea inapokauka, na ikinywea lazima ipasuke mahali fulani. Afadhali ufa ufuate mstari wako kuliko kujichagulia njia katikati ya chumba.

Tano, kunywesha. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Kwa hiyo ifunikeni kwa magunia safi yasiyotoa rangi, myaweke katika hali ya unyevu siku 7, usiku na mchana. Nta ya kung'arisha ingoje mpaka sakafu imekauka vema.

Ninyi wenye nyumba, msimharakishe fundi, wala msimdhanie mvivu mkimwona ameketi akingojea maji yatoweke. Nanyi mafundi vijana, kumbukeni kwamba pengine ng'ombe mzima amelala chini ya mwiko wenu.