Nyumba Ifuate Shule
Mada kwa watumishi wanaohamia Muheza pamoja na familia zao



Mtumishi akipata barua ya uhamisho kuja Muheza, simu yake ya kwanza humpigia dalali. Atauliza umeme, maji, uzio, na kama kodi ni ya miezi sita au ya mwaka mzima. Shule ataiulizia mizigo ikishashushwa, na jibu la dalali ni lile lile siku zote: "Shule zipo, mzee, tena nyingi." Ni kweli zipo. Lakini nimekaa katika kazi ya ualimu hadi kustaafu, na nimewapokea wazazi wengi wahamiaji wakiwa wameshika mkono wa mtoto mwezi Februari, na hiki ndicho ninachotaka tukizungumze leo: ukishalipa kodi ya nyumba, umeshachagua shule, hata kama hujui.

Utaratibu wenyewe mnaufahamu, ila mara chache tunauunganisha na nyumba. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali huandikishwa shule iliyo karibu na anapoishi. Akimaliza, asipochaguliwa kwenda bweni huko Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala au Tabora, hupangiwa sekondari ya kutwa, na kwa walio wengi hiyo ni sekondari ya kata. Shule hizi zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Basi mpaka wa kata, ambao mpangaji anadhani ni habari ya diwani tu, ndio unaoamua mtoto atatembea kuelekea wapi kwa miaka kumi na zaidi.

Ndugu zetu walioko Marekani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kule sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo lenyewe, hivyo penye nyumba za bei kubwa ndipo penye shule yenye fedha, na mzazi hukopa nyumba kwa sababu ya darasa. Kwetu ruzuku huenda kwa kichwa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari ya kutwa, awe Zirai huku milimani au Masaki ya Dar es Salaam. Zinazotofautiana ni idadi ya walimu, hali ya majengo, na njia ya kufika. Hiyo njia ndiyo inayosahaulika.

Muheza ina sura nyingi. Ukipanga mjini, kata za Genge au Majengo, shule utaiona ukiwa barazani, na kero yako itakuwa darasa lililofurika pamoja na barabara kuu ya Segera hadi Tanga, yenye malori na bodaboda zisizojua kengele ya shule imelia. Ukienda Ngomeni au Mlingano uko kwenye nchi ya mkonge, kodi nafuu na nafasi ya kufuga kuku. Aliyepangiwa Kigombe yuko pwani kabisa, kwenye njia ya Pangani, na maisha yake yataelekea Tanga kuliko hapa makao makuu ya wilaya.

Halafu kuna tarafa ya Amani. Nitakaa hapo kidogo, maana ndiko walimu na wauguzi wapya wengi hupelekwa, na ndiko familia nyingi hukata tamaa mapema. Mbomole, Misalai na Zirai ni milima ya Usambara Mashariki: msitu, mashamba ya chai, ukungu, na barabara ya udongo yenye kona. Ukiwa mgeni utaoneshwa sekondari kwa kidole, ile pale, bati linang'aa upande wa pili. Usidanganyike na kidole. Kati yako na lile bati kuna bonde, na kwa mguu wa mtoto wa miaka kumi na tatu ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena. Masika, Machi hadi Mei, njia inateleza na sare inafika shule ikiwa na rangi nyingine. Wazazi wanaochoshwa na hali hiyo humpangia mtoto chumba karibu na shule, yaani geto. Mnajua yanayotokea kwenye mageto, hasa kwa wasichana, sina haja ya kuyasimulia mbele ya chai. Ukipangiwa Amani, tafuta nyumba upande ule wa bonde ilipo sekondari, hata kama wewe ndiye utakayetembea kwenda kazini. Miguu yako imekomaa.

Milimani kuna faida moja ambayo mjini hakuna, nayo ni baridi, ambayo mbu hawaipendi. Muheza ya tambarare ina malaria, ya kutosha kuwafanya watafiti wa ugonjwa huo waweke kambi hapa na Amani tangu zama za Mwingereza. Mtoto aliyekulia Njombe au Arusha mwili wake haujazoea. Katika muhula wa kwanza atakosa masomo kwa homa zaidi kuliko kwa utoro, na mwalimu asiyejua alikotoka atamwona mzembe. Mweleze mwalimu wa darasa siku ile ile ya kuandikisha, na chandarua kifungwe usiku wa kwanza, kabla hata ya runinga.

Wapo wanaokwepa swali lote kwa kuiacha familia Tanga mjini na wao kupanda basi kila alfajiri. Ni lami tupu, kilomita zisizofika arobaini, na Tanga kuna shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza. Siwalaumu. Mtoto aliyefika darasa la tano katika mchepuo huo akirudishwa ghafla kwenye Kiswahili hupoteza karibu mwaka. Hesabu anaijua, lakini akisikia "kigawe kidogo cha shirika" anadhani ni jina la ushirika wa machungwa. Kwa wadogo wa awali hadi darasa la pili sioni sababu ya kufanya hivyo. Baba au mama anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku haoni daftari, na katika umri huo daftari linaloangaliwa nyumbani lina kazi kubwa kuliko lugha ya kufundishia. (Lafudhi isiwatie hofu. Mtoto wa bara atachekwa wiki mbili, ya tatu anavuta maneno kama amezaliwa hapa hapa Bonde.)

Sasa matokeo ya mitihani. Kila mzazi msomi huanza nayo, na mimi sisemi asiyaangalie. Nasema ayasome. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na wapo walionung'unika. Mimi nilifurahi, kwa sababu orodha ile ilitufanya tusome jina la shule tukaacha kusoma jedwali. Matokeo ya kila shule bado yako wazi. Chukua ya darasa la saba. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mzazi hukimbilia wastani wa shule. Angalia kwanza idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 24 na wastani wa 210, na shule yenye watahiniwa 160 na wastani wa 165, haziwezi kupimwa kwa mizani moja. Kisha linganisha waliosajiliwa na waliofanya. Kisha rudi nyuma miaka mitatu, utafute upimaji wa darasa la nne wa kundi lile lile: walikuwa wangapi? Kama darasa la nne walikuwa 60 na la saba wamebaki 31, jiulize wale wengine wamekwenda wapi. Shule inayong'aa kwa kuwaondoa wanaochechemea haitamfaa mtoto wako siku atakapochechemea, na mtoto anayehama huchechemea mwaka wa kwanza.

Jedwali halioneshi yanayoonekana kwa macho. Nenda shuleni siku ya kazi, bila miadi, saa moja na robo asubuhi. Hesabu walimu waliokwisha kufika. Nenda nyuma ya madarasa uhesabu matundu ya vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na hakuna mwalimu mkuu atakayekuambia mwenyewe kwamba yako nusu. Uliza kama watoto wanakula mchana na wazazi wanachangia nini, mahindi au fedha, na nani anayetunza stoo. Shule yenye uji huwa na mkutano wa wazazi unaohudhuriwa, na hapo utajua mengi kuhusu kamati yake.

Kuna kipimo kingine ambacho sijakiona kwenye mwongozo wowote. Mwombe mtoto wa jirani mtarajiwa akuoneshe daftari lake la Hisabati. Usiangalie vema na kosa. Angalia tarehe. Kati ya zoezi moja na linalofuata kuna siku ngapi? Wino mwekundu umefika ukurasa wa mwisho au uliishia Machi? Pale mwalimu aliposahihisha kosa, mtoto amelirudia chini yake? Dakika tano na daftari moja la mtoto wa kawaida, asiye wa kwanza wala wa mwisho, zitakuambia zaidi ya wino wote nilioumwaga hapa.

Kuhusu kuhamisha, nitasema kwa kifupi kisha nijisute. Mwanafunzi ana namba ya PREM, yaani mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na bila shule ya zamani kumwachia kwenye mfumo huo, shule mpya itakuwa na mwili wa mtoto bila jina lake. Barua ianze kwa mwalimu mkuu wa kule, shule ya huku ikubali kwamba nafasi ipo, na maafisa elimu wa pande zote mbili wapitishe. Usifunge virago kabla ya kuanza hayo. Na kama mtoto yuko darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, na usajili wa mtihani umekwisha kufanyika, mwache alipo hadi amalize, hata kama ni kwa shangazi.

Haya nayasema mimi niliyemhamisha mwanangu wa pili mwezi Julai akiwa darasa la nne, mwalimu mzima, nikiamini mambo yatajipa. Jina lake lilibaki shule ya zamani. Mwishoni mwa Oktoba ilibidi apande basi kurudi mkoa tuliotoka, akafanye upimaji pamoja na darasa aliloliaga miezi mitatu kabla. Alirudi salama, ila hadi leo, naye sasa ana watoto, akiona basi la alfajiri hunitazama kwa jicho fulani.

Wengine mtaniuliza juu ya Lushoto, kwenye bweni na hewa ya baridi. Kwa sekondari ni wazo zuri kwa mwenye uwezo, na Kifungilo wasichana wamesoma kwa vizazi. Kwa wadogo mlango umefungwa: mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne.

La mwisho linawahusu wenye watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2021 na mwaka 2022. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita, hivyo hao wa 2021, waliobaki na mtaala wa zamani, watamaliza darasa la saba na hao wa 2022 watamaliza la sita, wote mwaka 2027. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Kabla hujamlipa dalali, nenda kwa ofisa mtendaji wa kata umuulize sekondari ya pale ina vyumba vingapi vya madarasa leo, na vinavyojengwa vimefika kwenye msingi, lenta, au bati.