Kununua kamera iliyokarabatiwa

Kamera ya dijitali iliyokarabatiwa ni ile iliyorudi kwa mtengenezaji au fundi, ikakaguliwa, ikabadilishwa sehemu mbovu, kisha ikauzwa tena kwa garantii. Ya mtumba huuzwa kama ilivyo.

Kwa mpiga picha wa Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, garantii ndiyo hoja ya kwanza. Duka likiwa Kariakoo, Dar es Salaam, kurudisha kamera ni safari ya kuvuka nchi, na nauli inaweza kumeza nafuu yote ya bei.

Sehemu inayochakaa kwa kila picha ni shata, yaani kilango kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Ya Nikon D750 ilijaribiwa kwa mizunguko 150,000, ya D850 kwa 200,000. Kupita hapo si kufa, ila ni kuishi kwa bahati. Kwa kamera nyingi hesabu ya mizunguko iliyokwisha kutumika husomwa kwa programu ya kompyuta. Muuzaji anayekataa kuionyesha, afadhali aachwe.

Lenzi nayo imulikwe kwa kurunzi. Nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui ni kuvu, ambayo hustawi penye unyevu, na hewa ya ziwani haiipunguzi. Chaja iwe imeandikwa volti 100 hadi 240, maana umeme wa Tanzania ni volti 230. Betri ya zamani huisha mapema, kwa hiyo bei ya mpya ihesabiwe kabisa.

Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, idaiwe, ikiwa na namba ya kamera. Bila garantii ya maandishi, kamera hiyo ilipiwe bei ya mtumba tu.