Kombania C na Mshahara Uliokataliwa



Historia ya vita hupenda kuhesabu majenerali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vilikuwa nao tele. Lakini liko jambo katika vita hivyo ambalo hufahamika vyema zaidi mtu akiitazama kombania moja tu ya askari wa miguu, iliyotoka katika mji mmoja wa bandari.

Mji huo ni New Bedford, katika jimbo la Massachusetts. Wakazi wake waliishi kwa uvuvi wa nyangumi. Katika merikebu zake watu weusi walipata kazi, na watumwa waliotoroka Kusini walipata hifadhi mitaani mwake. Frederick Douglass alifikia hapo mwaka 1838. Basi mwanzoni mwa 1863, Rais Lincoln alipokwisha kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na Gavana John Andrew alipopewa ruhusa ya kuunda rejimenti ya watu weusi, New Bedford haikusubiri kubembelezwa. Vijana wake waliojitolea wakawa kiini cha Kombania C, Rejimenti ya 54 ya Massachusetts. Miongoni mwao alikuwamo William Carney, aliyezaliwa utumwani Virginia, na James Henry Gooding, baharia wa merikebu za nyangumi mwenye kalamu nzuri kuliko wengi waliomzidi elimu. Barua zake kutoka vitani zilichapishwa katika gazeti la mji wao.

Maofisa waliwekwa weupe watupu. Hilo askari walilimeza, kwa kuwa waliahidiwa malipo sawa na askari wengine: dola 13 kwa mwezi, pamoja na sare.

Tarehe 18 Julai, 1863, rejimenti hiyo chini ya Kanali Robert Gould Shaw ilitangulia kuishambulia Ngome ya Wagner, karibu na mlango wa bandari ya Charleston, South Carolina. Njia ilikuwa ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande huu na kinamasi upande ule. Kati ya askari 600 hivi, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka mikononi mwa adui. Shaw alizikwa katika shimo moja na askari wake. Adui alidhani kwa kufanya hivyo anamdhalilisha. Carney, ingawa alikuwa na majeraha kadhaa, aliirudisha bendera.

Mwezi Agosti mlipaji akawafikia na dola 10, tena 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Kisingizio kilikuwa sheria ya 1862 iliyowahesabu watu weusi kuwa vibarua wa jeshi. Askari wakazikataa zote. Jimbo la Massachusetts lilipojitolea kuziba pengo, wakakataa tena, huku nyumbani wake na watoto wao wakihangaika. Si kila mtu angeelewa ukaidi wa namna hiyo. Lakini kuzipokea dola 7 kungekuwa kutia sahihi kwamba wao si askari. Tarehe 28 Septemba, Koplo Gooding alimwandikia Lincoln mwenyewe akitaka jibu la swali moja: wao ni askari, au ni vibarua?

Bunge lilijibu Juni 1864, na hata hapo nusu nusu: malipo kamili tangu siku ya kuandikishwa yangekuwa ya wale tu waliokuwa huru tarehe 19 Aprili, 1861. Kamanda mpya, Kanali Edward Hallowell, aliwatungia askari wake kiapo kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuwatumikisha bure. Aliyekuwa mtumwa aliapa bila kusema uongo, maana bwana wake hakuwa na haki hiyo hata siku moja.

Carney alirudi New Bedford akawa msambaza barua wa posta kwa miaka zaidi ya 30. Nishani ya juu kabisa ya ushujaa alipewa mwaka 1900. Fedha za rejimenti zilifika mwishoni mwa Septemba 1864. Gooding alikuwa ametekwa Februari mwaka huo katika mapigano ya Olustee, Florida, na alikufa tarehe 19 Julai katika kambi ya mateka ya Andersonville, Georgia.