Kuchagua Ukubwa wa Sponji za Mashine ya Kupolishi Gari

Mazungumzo yaliyotolewa na mhamasishaji wa jamii mbele ya vikundi vya vijana vya akiba na kazi, Nakivale, Uganda. Yamechapwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



 

Leo sitazungumza juu ya mgao wala kadi. Nitazungumza juu ya kitu kidogo cha mviringo, nacho ni sponji inayobandikwa kwenye mashine ya kupolishi gari. Wengine huiita pedi, lakini mimi nitasema sponji, ili tusichanganye na vile vifaa wanavyogawiwa dada zetu.

Najua kuna wanaojiuliza kama sponji nayo inahitaji hotuba. Inahitaji, kwa sababu vikundi vitatu vimenijia na swali moja. Vinataka kutoa pesa ya sanduku, vinunue mashine na kuanza kazi ya kuosha na kupolishi magari kule mjini na hapa barabarani. Wanauliza wanunue sponji za ukubwa gani. Katika pesa ile kuna jasho la mama aliyeuza mboga na la kijana aliyefyatua matofali. Tukikosea kununua, hakuna wa kuturudishia.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kuwafundisha, nikiri kosa langu. Mwaka 2021 nilikuwa msaidizi katika gereji moja mjini Mbarara. Siku hiyo fundi mkuu alikuwa ametoka, na mimi nikataka kuonyesha kwamba nimeshajua kazi. Kulikuwa na gari jeusi la mzee mmoja dereva wa teksi. Nilichukua mashine yenye sponji ya inchi 7, kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Nilidhani kubwa itamaliza kazi haraka.

Kwenye boneti ilikwenda vizuri. Nikapanda kwenye ule mhimili mwembamba ulio kati ya kioo cha mbele na mlango. Mhimili ule ulikuwa na upana wa vidole vinne tu, na sponji yangu ilikuwa karibu sentimita 18. Ukingo wake ukauma kona ya bati. Baada ya sekunde chache nikasikia harufu ya kuungua, nikainua mashine. Rangi nyeusi ilikuwa imekwisha, na ile ya chini, ya kijivu, ilikuwa inaniangalia.

Mzee alipokuja nilimwamkia, nikamwonyesha. Hakunipigia kelele. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unaona gari. Mimi naona shamba langu." Nilifanya kazi miezi mitatu bila malipo ili kulipia rangi ile. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno niliyosikia nje ya gereji: "Hao wakimbizi wameharibu gari la mzee." Aliyekosea ni mimi peke yangu, ila lawama ikawaangukia wote. Ndiyo sababu nawaomba msikilize vizuri.

RANGI YA GARI NI NYEMBAMBA

Chukua karatasi moja ya fotokopi, uishike kati ya vidole viwili. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, ya chini, ya kati na ya juu, kwa kawaida ni unene kama huo au zaidi kidogo. Ile ya juu kabisa inayong'aa, ambayo mafundi huiita klia, mara nyingi haifiki hata nusu ya karatasi hiyo.

Kupolishi ni kukwangua klia kidogo sana mpaka mikwaruzo ipotee, yaani unapunguza kitu ambacho hakirudi. Kwa hiyo ukubwa wa sponji unaamua unapunguza wapi na kwa kasi gani.

KWANZA, IJUE MASHINE YAKO

Ziko aina mbili kubwa.

Ya kwanza huzunguka mahali pamoja kama grinda. Ina nguvu, inakata haraka, na inaunguza haraka. Ndiyo niliyoitumia mimi siku ile.

Ya pili ina mizunguko miwili. Sponji hujizungusha yenyewe, na wakati huohuo huenda duara ndogo ndogo. Waliosoma jiografia wakumbuke jinsi dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua. Mashine hii ni ya polepole zaidi, lakini humsamehe anayejifunza. Ukiibana sana huacha kujizungusha, ikabaki kutikisika tu. Kwa kikundi kinachoanza, nawashauri hii ya pili.

Tufanye hesabu ndogo kwa mashine ya aina ya kwanza. Sponji ya inchi 7 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake hukimbia kama kilomita 50 kwa saa, sawa na bodaboda yenye haraka. Sponji ya inchi 3 kwa mizunguko ileile, ukingo wake hukimbia kama kilomita 21 kwa saa. Mashine ni ileile na mizunguko ni ileile, lakini ukingo wa sponji kubwa unakwenda mbio zaidi ya mara mbili. Mbio hizo huleta joto, na joto likizidi rangi huungua.

Lakini msidhani kwamba ndogo haina hatari. Sponji ya inchi 6 ina eneo mara nne ya ile ya inchi 3. Ukikandamiza kwa nguvu ileile, nguvu yote huangukia mahali padogo. Kwa hiyo sponji ndogo hukata kwa ukali pale ilipo, na ukiikawiza sehemu moja itachimba. Usiisimamishe mahali pamoja hata kidogo.

PILI, SAHANI NA SPONJI NI MUME NA MKE

Sponji haifungwi moja kwa moja kwenye mashine. Kuna sahani ya plastiki au ya mpira inayofungwa kwenye mashine, na sponji hunasa juu yake kwa kitambaa kama kile cha viatu vya watoto kinacholia unapokibandua.

Hapa watu wengi hupoteza pesa. Shikeni mambo matatu.

1. Sponji iwe pana kuliko sahani, kama robo inchi kila upande. Sahani ya inchi 5 huenda na sponji ya inchi 5 na nusu. Sahani ya inchi 6 huenda na sponji ya inchi 6 na nusu. Sponji ikiwa sawa na sahani au ndogo kuliko sahani, ule ukingo mgumu utagusa gari na kulikwaruza.

2. Sahani za mashine ya mizunguko miwili hazibadilishwi ovyo. Ndani ya mashine kuna uzito uliowekwa kuisawazisha na sahani ya ukubwa fulani. Ukifunga ambayo haikukusudiwa, mashine hutetemeka, mikono hufa ganzi, na mashine yenyewe huchoka mapema. Someni kijitabu chake. Asiyejua lugha ya kijitabu, akilete ofisini kwetu tusome pamoja.

3. Skrubu za sahani hazifanani. Mashine nyingi za aina ya kwanza zina skrubu ya milimita 14. Nyingine, hasa za Kimarekani, zina ya inchi tano kwa nane, ambayo ni nene kidogo. Kwa macho zinafanana, lakini kwenye mashine zinakataana. Mnapokwenda dukani kununua sahani, nendeni na mashine yenyewe. Jaribuni kufunga kabla ya kulipa.

TATU, KILA UKUBWA NA MAHALI PAKE

Inchi 6 na nusu hadi 7: kwa mabati mapana na yaliyonyooka, kama paa la basi dogo na boneti ya Land Cruiser. Kwa gari dogo lenye mikunjo haikai sawa. Upande mmoja hugusa, mwingine huelea.

Inchi 5 na nusu: hii ndiyo ya kazi nyingi. Inafaa boneti, milango, buti na paa la magari madogo, ambayo ndiyo wateja wetu wengi.

Inchi 3: kwa sehemu nyembamba, kama mihimili ya vioo, vioo vya pembeni, pembeni mwa taa na kuzunguka vitasa. Inafaa pia bampa, lakini kwa uangalifu. Bampa ni plastiki, na plastiki haisambazi joto kama bati. Rangi yake huungua upesi.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: sponji isizidi upana wa mahali unapofanyia kazi. Ikizidi, badilisha sponji au tumia mkono. Kona kali na mistari iliyonyanyuka kwenye mabati, ibandike kwanza karatasi ya gundi ya mafundi rangi. Hapo ndipo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote.

NNE, TUNUNUE NINI KWA PESA YA SANDUKU?

Nimeona orodha ya kikundi kimoja. Wameandika sponji moja ya kila ukubwa, toka inchi 3 hadi 7. Nimewaambia kwa heshima kwamba orodha hiyo itawakwamisha siku ya kwanza.

Sponji moja haimalizi gari moja. Baada ya bati moja au mawili hujaa dawa na vumbi la rangi, hupata joto, hulegea. Fundi mwenye sponji moja huendelea na hiyohiyo chafu, akaongeza mikwaruzo badala ya kuiondoa.

Ushauri wangu ni huu:

- Mashine moja ya mizunguko miwili, yenye sahani ya inchi 5.
- Sponji nane za ukubwa mmoja, inchi 5 na nusu. Nne ngumu za kukata, nne laini za kumalizia. Msiamini rangi ya sponji, kwa maana kila kiwanda kina rangi zake. Bonyezeni kwa kidole mjue ngumu na laini.
- Brashi ya kusafishia sponji, vitambaa laini, na gundi ya karatasi.
- Miwani, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Sehemu nyembamba, mwanzoni fanyeni kwa mkono, kwa sponji ndogo ya kawaida na dawa kidogo. Ni kazi ya polepole lakini haidai pesa. Mkishapata wateja kumi wa kwanza, faida ndiyo inunue vifaa vya inchi 3. Ya inchi 7 iacheni hadi siku mtakapopata kazi ya mabasi.

Wanaotegemea jenereta, waangalie wati zilizoandikwa kwenye mashine, walinganishe na zile za jenereta, kabla ya kununua.

TANO, KABLA YA KUGUSA GARI LA MTU

Nunueni mlango au boneti ya chuma chakavu. Kila mwanakikundi ajifunzie hapo, hata akiharibu.

Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani. Mashine ikiwaka juu ya bati, angalia mstari. Ukiona mstari unakwenda, sponji inajizungusha. Ukisimama, umekandamiza sana au umeinamisha mashine. Punguza nguvu.

Gari lioshwe vizuri na likaushwe kivulini. Vumbi letu jekundu likibaki chini ya sponji linakuwa msasa.

Anza na kipande kidogo, kama upana wa viganja vinne. Kiangalie juani, kisha endelea. Na kabla ya yote, zunguka gari pamoja na mwenyewe, muandike mikwaruzo iliyokuwapo, naye atie sahihi. Hilo litawalinda ninyi na yeye.

Kazi ikiisha, sponji zioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji, zikaushwe kivulini, zihifadhiwe kwenye mfuko safi. Sponji iliyoanguka chini isirudishwe kwenye gari kabla ya kuoshwa. Chembe moja ya mchanga inatosha kuwaharibia jina.

MWISHO

Ndugu zangu, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ruhusa tunayo. Kilichobaki ni kuaminiwa, na mtu akishakukabidhi ufunguo wa gari lake amekukabidhi chakula cha watoto wake.

Yule mzee dereva wa teksi bado namwona nikienda mjini. Mwaka 2023 aliniletea gari lake tena. Nilimuuliza kwa nini ananiamini. Akasema, "Kwa sababu hukukimbia." Siku hiyo nilitumia sponji ya inchi 5 na nusu, na ule mhimili niliufanya kwa mkono. Ilinichukua saa nzima. Haukupata hata alama.

Haba na haba hujaza kibaba. Nunueni kidogo kinachofaa, mkijue vizuri, ndipo muongeze. Kikundi chenye orodha yake ya manunuzi kije nayo kabla ya kwenda dukani, tuipitie pamoja mstari kwa mstari.