HALI YA WAZEE WETU WA MAFIA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilindoni)



Nimetakiwa nizungumze juu ya mambo yamfanyayo mzee wa kisiwa hiki aishi vyema au vibaya. Wengi hudhani la kwanza ni maradhi. La hasha. La kwanza ni fedha iliyo mkononi mwake mwenyewe.

Mzee wa Mafia maisha yake yote ameitegemea minazi na bahari, na mnazi hautoi pensheni. Miguu ikikataa kukwea, hana budi amwite mkwezi, na mkwezi ana ujira wake. Nazi ikishuka bei, kinachobaki hakinunui sabuni. Bibi naye husuka ukili hata macho yamwingie ukungu.

Sasa tuwatazame jirani zetu. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi wa pweza. Mwaka 2023 zikafanywa 50,000. Mafia ilitengwa na Zanzibar mwaka 1890, ikatiwa mikononi mwa Wadachi, wala hapana mzee aliyeulizwa. Mpaka ule wa wageni ndio uamuao leo ajuza wa Makunduchi apate na wa Jibondo akose. Kwetu zipo ruzuku za TASAF kwa kaya maskini zilizoandikishwa. Lakini ruzuku ya kaya si haki ya mzee.

La pili ni matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee tangu miaka 60, nayo yataja matibabu ya bure kwa asiyejiweza. Maneno mazuri. Lakini mzee wa Chole avuke kwa chombo mpaka Utende, apande gari mpaka Kilindoni. Na akiandikiwa Dar es Salaam, avuke tena mpaka Nyamisati, kusi likivuma. Dawa ni bure, nauli si bure, na mgonjwa haendi peke yake.

Wapo wasemao watoto watawatunza. Watoto wengi wako Dar es Salaam, nao wanatafuta chakula cha leo.

Natoa shauri: kila tawi liandike majina ya wazee wake wa miaka 70 na zaidi, tangu Bweni hata Jibondo, na orodha hiyo afikishiwe Mbunge kabla ya kikao cha bajeti.