Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunasema juu ya daftari la kikundi. Mfano tutauchukua mbali kidogo, kwa watu wanaotengeneza programu za kompyuta. Mtatuuliza: sisi na hao, wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Programu ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta au simu ifanye kazi. Kuna moja iitwayo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Simu za Android zina Linux ndani yake. Imeandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Sasa watu wengi hivyo wakiandika kitu kimoja, nani atajua ni nani amebadilisha nini, na lini? Lazima wawe na daftari la mabadiliko.

Mwaka 2002 Torvalds alianza kutunza daftari hilo kwa chombo kiitwacho BitKeeper. Kilikuwa kizuri na walipewa bure, lakini kilikuwa mali ya kampuni, tena kwa masharti. Ubishi ukazuka. Wengine walisema kazi ya watu wote isitegemee chombo chenye mwenyewe. Wengine wakajibu: kazi inakwenda vizuri, shida iko wapi? Mwaka 2005 palitokea kutoelewana, na kampuni ikaondoa ruhusa ya bure. Nguo ya kuazima haisitiri maungo!

Torvalds hakukaa kulia. Aprili 2005 alianza kutengeneza chombo kingine, Git, na Juni hiyo hiyo toleo jipya la Linux likatolewa kwa kukitumia. Leo Git inatumiwa na watengenezaji programu duniani kote. Tuangalie mambo yake matatu.

Kwanza, daftari halikai kwa mtu mmoja. Kwa kawaida kila mfanyakazi ana nakala nzima, tangu mwanzo. Kompyuta moja ikiungua, nyingine zinayo.

Pili, kila badiliko lina jina la mtu, tarehe, na maelezo mafupi ya sababu.

Tatu, kila badiliko lina alama inayotokana na hesabu ya yaliyoandikwa humo, pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Mtu akigeuza jambo la zamani kwa siri, alama zinazofuata hazitalingana tena, na wenye nakala watajua.

Haya, turudi nyumbani. Daftari la kikundi liko wapi? Mara nyingi liko chini ya kitanda cha katibu. Katibu akihama, au panya wakilila, nani atajua mama yule alikopa ngapi na amelipa ngapi? Hapo ugomvi unaingia, na kikundi kilichojengwa miaka kumi kinavunjika kwa wiki moja.

Na wengine sasa mnaletewa programu za simu za kuweka hesabu, bure. Hatusemi mkatae. Lakini ulizeni kwanza: mradi huu ukiisha, hesabu zetu tutazipataje?

Tunawaomba mfanye hivi:

1. Kila mwanachama awe na kijitabu chake. Mwisho wa mkutano hesabu isomwe kwa sauti, kila mtu aandike jumla.
2. Kosa lisifutwe. Lipigwe mstari mmoja, sahihisho liandikwe kando, na watu wawili watie sahihi.
3. Mnaotumia simu, nakilini hesabu kwenye karatasi kila mwezi.
4. Asiyejua kusoma achague mtu anayemwamini amsomee.

Chombo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Lakini wengi wakishika nakala, mwenye nia mbaya hana pa kujificha, na katibu mwaminifu hasingiziwi.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.