Mtoto Mhamiaji katika Malezi ya Kambo: Nani Ameshika Amana ya Afya Yake?

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa za Jumamosi, Marekani)

  

 Mlinitaka nizungumze juu ya kumlea yatima, na nadhani wengi wenu mlitarajia nieleze fadhila zake. Fadhila hizo mnazijua, na kila mwaka tunazirudia. Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halitajwi katika mimbari zetu, nalo ni makaratasi ya hospitali. Nitawaeleza sababu, na sababu yenyewe inanigusa mimi kwa lawama.

Katika Ramadhani ya mwaka 1445, yaani Machi na Aprili 2024, darasani kwangu alikuwamo kijana wa miaka 14, Mkongo aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Aliletwa nchi hii bila ya mzazi wala ndugu. Alikuwa akiishi kwa mama mmoja Mkristo, mtu mwema, aliyemleta madrasa kila Jumamosi na kumngoja ndani ya gari hadi tumalize. Siku moja niliuliza ni nani anafunga, naye akanyoosha mkono. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamsifu kwa maneno mengi.

Usiku wa kuamkia siku ya 19 ya mwezi alikimbizwa hospitali akilia kwa maumivu ya mapaja na mgongo. Kumbe alikuwa na selimundu, maradhi ambayo wengine wenu mnayaita sikoseli. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huyu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Akipungukiwa na maji mwilini, au akipigwa na baridi, hali hiyo huzidi. Baridi ilikuwa haijaondoka. Na mimi nilikuwa nimemsifu kwa kushinda kutwa bila ya tone la maji.

Mtauliza: Je, hakuna aliyejua? Walijua watu wengi, lakini kila mmoja alijua kipande chake. Haya niliyapata kidogo kidogo kwa mama yake mlezi na kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, tukiwa tumeketi kwenye viti vya wodini.

Zahanati ya kambini ilijua, na iliandika. Karatasi hiyo alisafiri nayo ndani ya ule mfuko mweupe wa plastiki wenye alama ya IOM. Mliopita njia hiyo mnaukumbuka. Mliambiwa msiuachie hata mkilala. Lakini kijana huyu aliwekwa kwanza katika nyumba nyingine, akakaa miezi minne, kisha akahamishwa, na mfuko ukabaki katika mtoto wa meza wa nyumba ile. Daktari wa kwanza aliona kuwa damu yake ni pungufu, akampa vidonge vya madini ya chuma, akaagiza kipimo cha pili. Majibu yalitoka baada ya kijana kuhama, yakapelekwa kliniki ya zamani. Mfanyakazi wa ustawi aliyeshika faili lake alikuwa ameacha kazi. Katika nyumba ya pili alichanjwa upya chanjo alizokwisha kuchanjwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa zile za kwanza.

Na kijana mwenyewe alijua. Alimwambia daktari, kwa njia ya mkalimani wa simu, "Mimi ni mtoto wa SS." Ndivyo Wakongo wengi wanavyoyaita maradhi haya, kwa kufuata jina lake la maabara. Mkalimani alikuwa msemaji wa Kiswahili cha mahali pengine, hakufahamu, akalivuka neno lile. Maisha ya mtoto yalining'inia katika herufi mbili, na herufi hizo hazikutafsiriwa.

Nilipomuuliza kwa nini hakurudia kusema, alinijibu akitazama ukuta: "Ustadh, nilifikiri wakijua mimi ni mgonjwa watanihamisha tena."

Ndugu zangu, hebu tutazame utaratibu wenyewe, maana mtu hawezi kulaumu wala kusaidia jambo asilolijua. Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ni ya mwaka 1980, na tangu enzi hizo pana mpango maalumu wa watoto wakimbizi wasio na wazazi. Mtoto huwekwa katika familia yenye leseni au katika nyumba ya pamoja, na mahakama ya jimbo humweka chini ya usimamizi wa mamlaka au shirika. Matibabu yake hulipiwa na bima ya serikali. Kwa hiyo tatizo la kijana wetu halikuwa fedha. Hilo lazima tulisisitize, kwani sisi tumezoea kudhani kuwa kila mgonjwa amekosa pesa.

Kabla ya safari, mkimbizi hupimwa. Atokaye Afrika kusini ya Sahara hupewa pia dawa za malaria, minyoo na kichocho, isipokuwa kwamba dawa iitwayo ivermektini haitolewi hivi hivi kwa watokao sehemu zenye mnyoo wa macho uitwao loa loa, na Kongo imo. Akishafika, miongozo ya afya inataka apimwe upya ndani ya siku 90. Na kwa mtoto yeyote anayeingia malezi ya kambo, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri aonwe ndani ya saa 72, kisha apimwe kwa ukamilifu ndani ya siku 30. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria inayolitaka kila jimbo liwe na mpango wa kusimamia na kuunganisha matibabu ya watoto hawa, na kuhakikisha kumbukumbu zao zinawafuata. Waliotunga sheria hiyo walikwisha kuuona ugonjwa wenyewe: mtoto anahama, faili halihami.

Mtoto mhamiaji ana pengo jingine. Aliyezaliwa hapa hupimwa selimundu katika siku zake za mwanzo. Tangu 2006 majimbo yote yanafanya hivyo. Kwa sababu hiyo daktari wa hapa amezoea kwamba mwenye maradhi haya huja akiwa anajulikana. Wetu hakuzaliwa hapa.

Wala msidhani kwamba kupimwa mara moja wakati wa kufika kunatosha. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, alifariki binti wa miaka miwili wa wakimbizi wa Kisudani, wiki chache tu baada ya kufika. Alikufa kwa sumu ya madini ya risasi, na nyumba waliyopangishwa ilikuwa ya zamani, yenye rangi inayobanduka. Yeye alikuwa na wazazi wake, lakini tukio lile liliwafundisha madaktari kwamba mtoto anaweza kukutana na sumu hapa hapa, katika nyumba tuliyoshukuru kuipata. Miongozo inataka mtoto mdogo mkimbizi apimwe risasi anapofika, kisha arudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita. Sasa aliyehamishwa nyumba mwezi wa nne, nani atamrudisha kupimwa? Yule wa nyumba ya kwanza anasema hayuko kwangu. Yule wa pili anasema sikuambiwa.

Nije kwenye upande wa fiqhi, kwa ufupi. Sote tunajua kwamba Uislamu ulifuta tabanni, yaani kumfanya mtoto wa mwenzio kuwa wa damu yako, ukaamuru aitwe kwa baba yake. Tulipokuwa tukisoma mlango huu vyuoni, tuliusoma kwa ajili ya mirathi na mahramu. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetaja maradhi. Lakini daktari wa hospitali ile, asiye Mwislamu, aliniuliza swali hilo hilo la nasaba: "Kwao kuna nani aliyekufa mdogo, na alikufa kwa nini?" Selimundu hurithiwa kwa baba na mama. Basi kulinda nasaba ya mtoto wa kambo ni pamoja na kuandika yale anayoyakumbuka juu ya watu wake: dada aliyekufa kwa "kuishiwa damu," mjomba aliyekuwa na kifafa. Aulizwe kwa upole, wala si yote kwa siku moja.

Jambo la pili ni idhini. Mlezi wa kambo ni mwenye amana, si mwenye mali. Kwa kawaida anaweza kumpeleka mtoto kwa matibabu ya kila siku, ama upasuaji au dawa za akili huhitaji idhini ya mamlaka inayomsimamia au ya mahakama, na kila jimbo lina taratibu zake. Nalisema hili kwa sababu nimesikia baadhi yetu wakipanga kumtahiri mtoto wa kambo kimya kimya, kwa nia njema. Msifanye. Ombeni idhini kwa maandishi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Nia njema haitamlinda mlezi atakaponyang'anywa mtoto, na atakayeumia kwa kuhamishwa ni yule yule mtoto.

La tatu ni ukalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali ina wajibu wa kutoa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, na kanuni za 2016 zilikataza kumtegemea mtoto awatafsirie wakubwa, isipokuwa katika dharura. Ombeni mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, na kama neno halikueleweka, msione haya kusema lirudiwe. Nami naungama kwamba niliwahi kutafsiri "moyo unanienda mbio" kuwa hofu tu, pasipo kuuliza ni moyo upi.

Ama swaumu, mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi, na ambaye kufunga kutamdhuru hapaswi kufunga. Hili kila mwanafunzi wa madrasa analijua. Ila mtoto asiye na mtu hafungi kwa ajili ya ibada peke yake. Anafunga ili awe mmoja wetu. Kijana yule hakuwa na kitu kingine cha kutuonyesha. Kwa hiyo kabla ya Ramadhani, mwalimu azungumze na mlezi, Mwislamu au asiye Mwislamu, na mlezi aulize kwa daktari. Sisi hatuna haki ya kusoma faili la mtoto, na tusilitake. Tunachohitaji ni sentensi moja tu: huyu afunge au asifunge. Na mwenye selimundu akishikwa na homa ya nyuzi 38.5 darasani, hiyo ni dharura ya saa ile ile; hasubiriwi mpaka kipindi kiishe.

Nimependekeza kwa kamati yetu mambo machache. Kila mtoto wa kambo awe na daftari moja lenye chanjo, dawa, majibu yanayosubiriwa na simu ya daktari, na daftari hilo lihame pamoja na nguo zake. Mama mlezi wa kijana wetu tayari amelinunua. Pia nimeomba familia mbili au tatu za Waswahili zichukue leseni ya ulezi. Mnafahamu kwamba Januari 2025 serikali ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na wengine wamesema basi jambo hili limekwisha. Watoto waliokwisha kufika bado wapo, na wanahamishwa nyumba mwezi hata mwezi.

Kijana sasa anatumia haidroksiurea, dawa iliyoidhinishwa hapa kwa watoto mwaka 2017, na huenda na chupa ya maji darasani. Ramadhani iliyofuata alipewa kazi ya kugawa tende wakati wa futari. Ule mfuko mweupe ulipatikana. Ndani yake, chini ya karatasi ya zahanati, palikuwa na picha ndogo ya mwanamke mwenye mtandio wa kijani.